Damu ya mtu usiyemjua

Mgonjwa analazwa KCMC au Mawenzi, hospitali za hapa Moshi, ndugu wanaambiwa walete watu wa kurudishia damu, na ujumbe unarushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Wanaofika si ndugu peke yao. Yumo fundi wa Njoro, mwanafunzi wa chuo, dereva wa daladala aliyelisoma jina la mgonjwa asubuhi hiyohiyo. Wema wao ni wa kweli. Linalobishaniwa ni kama ujumbe wa dharura ndiyo njia nzuri ya kuwaita.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Friji ya damu ikiwa tupu, daktari hawezi kungoja kampeni ya mwezi ujao. Na jina la mtu, namba ya wodi na neno "mama mzazi" huwainua watu ambao bango halikuwainua kamwe.

Ila damu ina utaratibu wake. Mfuko mmoja, mililita 450, hujaa kwa dakika kumi hivi, lakini hauendi moja kwa moja kitandani. Hupimwa kwanza VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, kisha hulinganishwa na damu ya mgonjwa. Anayeongezewa damu usiku huu kwa kawaida anapewa iliyotolewa siku zilizopita. Wanaokuja leo wanajaza pengo. Kwa hiyo kuandika "O hasi tu" huleta hasara, isipokuwa hospitali yenyewe imelitaja kundi hilo. Damu ya kurudishia hupokelewa ya kundi lolote, na wenye A na B hubaki nyumbani bure.

Wakija ishirini kwa mpigo nako kuna shida. Chembe nyekundu kwenye mfuko wa kawaida hudumu siku 35, katika nyuzi 2 hadi 6. Halafu wote ishirini wanapumzika pamoja: mwanaume miezi mitatu, mwanamke minne. Heri anayesimamia ujumbe aandike namba zao na awaite watano watano kadiri hospitali inavyohitaji.

Kwangu mimi, shinikizo ndilo kubwa kuliko yote. Kabla ya sindano kuna dodoso kuhusu afya na mwenendo. Ndugu aliyetumwa na ukoo huona aibu kurudi na kusema amekataliwa, hivyo anaficha, na maambukizi mapya ya VVU yanaweza kupita kwenye kipimo bila kuonekana siku za mwanzo. Mtu baki hana wa kumwogopa. Akiambiwa leo haiwezekani, anarudi kazini. Damu yake ni salama zaidi kwa sababu hakuna aliyemlazimisha. Ndiyo maana kuulizana kwenye kundi "mbona fulani hakutoa?" ni hatari, maana kunamwondolea mtu nafasi ya kukaa kimya.

Ujumbe mzuri una tarehe, hospitali, wodi, saa za kupokea na namba moja ya simu. Hauna picha ya mgonjwa wala jina la ugonjwa wake. Damu ikitosha, utumwe mwingine wa kuufunga, la sivyo utazunguka wiki tatu baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65 na kilo 50 au zaidi, awe amekula na kunywa maji ya kutosha. Wengi wanaozimia wamekuja na njaa. Mahali pengine tone la damu ya mchangiaji hudondoshwa kwenye maji ya mrututu, chumvi ya shaba ya rangi ya buluu: likizama upesi, wekundu wa damu unatosha.

Pengo kubwa ni Desemba. Shule zimefungwa, na wanafunzi ni nguzo ya uchangiaji. Wiki hizohizo barabara ya Arusha hadi Moshi imejaa magari, na Marangu, Machame na Rombo zimejaa watu wazima wenye afya waliorudi kula sikukuu. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Kaskazini kipo hapahapa Moshi. Vitanda vitandazwe kwenye viwanja vya makanisa asubuhi ya tarehe 24, ibada inapotoka, kabla mbege, pombe ya ndizi, haijamiminwa.