Alama ya katambuga: sayansi jinai kati ya Glasgow na Tabora

Alfajiri moja ya mwaka 2010, mwizi alivunja kioo cha dirisha la nyuma la duka la mama mdogo, huko Ng'ambo mjini Tabora, akaondoka na fedha za mauzo pamoja na katoni kadhaa za sabuni. Chini ya dirisha, kwenye udongo uliolowa maji ya kufulia tangu jioni, ilibaki alama moja nzima ya katambuga, ile ndara ya tairi, na kwenye pazia likabaki doa la damu, kwa kuwa kioo kilimchana. Nilikuwa kidato cha tatu, nikaiona alama ile kwa macho yangu kabla jua halijachomoza. Saa moja baadaye haikuwapo. Majirani waliokuja kutoa pole walikuwa wameikanyaga, na kilichosalia mama mdogo alikifagia mwenyewe, kwa sababu mwanamke wa kwetu hapokei wageni kwenye uwanja usiofagiwa. Kabla ya saa nne, kijana mmoja wa mtaa wa jirani alikuwa ameshapigwa hadi kuzimia, kosa lake likiwa ni kuvaa katambuga na kutokuwa na kazi inayojulikana. Alikaa mahabusu miezi miwili, akaachiwa kwa kukosekana ushahidi, na hadi leo wapo wanaoamini kwamba aliiba na wapo wanaoamini kwamba alionewa. Hakuna atakayejua.

Sasa ninasoma shahada ya uzamili ya sayansi jinai hapa Glasgow, nchini Scotland, na kila ninapopiga simu nyumbani ndugu huniuliza habari za mashine: zinafananaje, zinagharimu kiasi gani, na lini na sisi tutakuwa nazo. Ni maswali ya haki. Hata hivyo, baada ya mwaka mzima darasani ninaamini kwamba tofauti kubwa kati ya huku na nyumbani haimo maabara. Imo katika saa ya kwanza baada ya tukio, mikononi mwa mtu wa kwanza kufika, na elimu ya saa hiyo haihitaji mtu kuvuka bahari kuifuata.

Katika muhula wa kwanza tulikuwa tukipelekwa kwenye nyumba ya mafunzo iliyopangwa kama eneo la tukio. Siku ya somo la alama za viatu mwalimu alizima taa, akapiga magoti na kuilaza tochi chini, mwanga ukapita juu ya sakafu kwa ubavu, na sakafu tuliyodhani ni tupu ikajaa nyayo. Wenzangu walishangaa. Mimi nilimkumbuka babu yangu kule Sikonge, ambaye ng'ombe wakipotea hatoki kuwatafuta saa sita mchana, bali hutoka wakati jua linachomoza, akatembea akiwa amelikabili, kwa sababu saa hizo ukingo wa kila kwato huwa na kivuli chake. Kanuni ni ile ile, ila babu hakuwahi kuambiwa kwamba hiyo ni sayansi. Kinachoongezwa huku ni utunzaji: alama hupigwa picha kamera ikiwa imesimama wima juu yake na rula ikiwa kando, kisha humiminiwa plasta, ndipo hulinganishwa na soli za viatu zilizohifadhiwa katika kompyuta. Ugumu wake ni kwamba kiwanda hutoa maelfu ya viatu vya soli moja, hivyo mtaalamu hulazimika kutafuta mikwaruzo na namna soli ilivyolika kutokana na mwendo wa mvaaji. Katambuga, kinyume chake, hukatwa kwa kisu na kwa mkono kutoka katika tairi chakavu, na fundi hawezi kukata jozi mbili zilizo sawa hata akikusudia. Alama ile ya Ng'ambo ingesema mengi kuliko ya kiatu cha dukani: mistari ya tairi ilikatikia wapi, kisu kilipinda wapi, kisigino kililika upande gani. Ingeweza kumtia hatiani kijana yule, au kumsafisha kabla hajapigwa fimbo ya pili.

Pazia nalo lina habari yake. Mama mdogo, kwa nia njema kabisa, alilitia katika mfuko wa rambo na kuufunga fundo ili lisichafuke zaidi, na lilipokuja kuulizwa wiki tatu baadaye lilikuwa limeota ukungu. Damu mbichi ikifungiwa ndani ya plastiki katika joto letu, unyevu hukosa pa kutokea, na bakteria na ukungu huzaliana na kuvunjavunja vinasaba (DNA), vinavyoweza kumtambulisha mwenye damu. Kilichotakiwa ni kulianika kivulini likauke, kisha kulitia katika bahasha ya kaki, ile inayouzwa katika kila duka la madaftari, na kuandika juu yake ni kitu gani, kimetoka wapi, saa ngapi, na kimeshikwa na nani. Darasani nilipoteza nusu ya alama za zoezi kwa kusahau kuandika saa niliyomkabidhi mwenzangu bahasha. Niliumia, lakini nilielewa.

Wala si kwamba nyumbani hatuna sheria. Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ilitungwa mwaka 2009, kabla duka halijavunjwa, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima vinasaba. Mahakama ya Rufani nayo, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007 ambayo mawakili wetu huinukuu mara kwa mara, ilidai kumbukumbu za maandishi zinazofuatana za kukamatwa, kutunzwa, kuhamishwa na kuchunguzwa kwa kielelezo. Lakini kutoka Tabora hadi Dar es Salaam kwa reli ni takribani kilomita 840, na hakuna maabara inayoweza kufufua kitu kilichokwisha kuozea ndani ya rambo.

Sisemi kwamba huku hawakosei. Mwaka 1997, huko Kilmarnock, mji ulio karibu na Glasgow, wataalamu wa alama za vidole walidai kwamba alama iliyokutwa katika nyumba ya mauaji ilikuwa ya askari wa kike ambaye alisisitiza kwamba hakuingia ndani. Alishtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo, akaonekana hana hatia mwaka 1999, na tume ya uchunguzi iliyotoa taarifa yake mwaka 2011 ikathibitisha kwamba alama haikuwa yake. Tangu nisome shauri hilo, ninaiheshimu sana kanuni ya sheria ya Scotland kwamba mtu hatiwi hatiani kwa ushahidi wa chanzo kimoja. Ninakumbuka pia kwamba Alec Jeffreys alipogundua mwaka 1984, huko Leicester, namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba, kazi ya kwanza ya ugunduzi huo katika upelelezi wa mauaji, mwaka 1986, ilikuwa kumsafisha kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekwisha kukiri. Muuaji halisi alihukumiwa mwaka 1988. Ninalirudia hili kila mara kwa ndugu zangu, kwa sababu wengi wetu tunadhani sayansi hii ni ya kukamata tu.

Katika jengo ninaloishi simjui jirani wa mlango wa pili, ilhali kwetu balozi wa nyumba kumi anajua nani amelala wapi na nani amerudi usiku. Hiyo ni hazina kubwa. Ubaya wake ni kwamba jina hufika kabla ya ushahidi, na likishafika hakuna anayeangalia chini tena. Ndiyo sababu ninataka elimu hii ianzie kwa sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, ambao chimbuko lao ni maeneo yetu haya ya Tabora na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, pamoja na wenyeviti wa mitaa na vijiji, kwa kuwa wao ndio hufika kabla ya polisi. Siku mbili zingetosha, na vifaa ni tochi, karai, kamba, bahasha za kaki na daftari.

Desemba iliyopita nilikaa jioni mbili na sungusungu wa kijiji cha babu nikiwaonyesha hayo. Mwezi Machi babu alinipigia simu: mbuzi watatu walikuwa wameibiwa, mawingu yalikuwa yanatanda, naye alikuwa ameifunika alama kwa karai, akaweka jiwe juu, akavuta kigoda na kukaa kando yake ili asipite mtu.

"Mjukuu wangu," akauliza, "niandike saa niliyoiona au saa niliyoifunika?"

"Andika zote mbili, babu, na jina la kila aliyefika."

Nikamsikia akimwita binamu yangu amletee kalamu.