Ukoka wangu, lishe ya mbuzi wako

Wewe mwenye mbuzi huku Buswelu, hebu tuelewane. Nyuma ya nyumba yetu mpya ni majabali matupu (si ndiyo Mwanza yenyewe), jembe likigonga linatoa cheche. Nikamwaga lori zima la udongo mweusi, nikapanga kingo za mawe mvua isije ikauteremsha wote kwa jirani wa chini. Mama watoto akapandikiza ukoka kipande kwa kipande, kapiga magoti, jioni tatu. Leo alfajiri nakuta mbuzi wanne! Mmoja kasimama juu ya jiwe, anatafuna mche wangu wa mwembe huku ananikodolea macho kama mimi ndiye mpangaji. Kukuambia wewe mwenyewe, unacheka: “Mbuzi hajui mipaka, baba.” Sawa, hajui. Na wewe je?