Msituambie Kwamba Hatusikii

Juzi redio moja ilirusha kipindi cha taarabu asilia, na wimbo wa kwanza ulipoanza tu nilitambua kwamba faili lile limepita mikononi mwa watu wengi. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ilikuwa ikilia kana kwamba imezamishwa majini, na njuga za rika, yaani tari ndogo, ambazo hupaswa kusikika moja baada ya nyingine, zilikuwa zimeungana zikawa mchakacho mmoja usiokwisha. Nilipomlalamikia rafiki yangu ambaye kazi yake ni kurekodi, alinijibu kwamba majaribio yameshathibitisha kuwa sikio la binadamu haliwezi kutofautisha faili lililobanwa, yaani lililopunguzwa ukubwa kwa kuondoa baadhi ya sauti, na lisilobanwa.

Jibu hilo lina ukweli, nami naukubali shingo upande. CD hupitisha kilobiti 1,411 za data kwa sekunde, ilhali MP3, aina ya faili lililobanwa, ya kilobiti 320 hupitisha chini ya robo yake. Hata hivyo, katika jaribio la ABX, ambapo msikilizaji huchezewa A, kisha B, moja imebanwa na nyingine haikubanwa, kisha X asiyoambiwa ni ipi kati ya hizo mbili, watu wengi huishia kubahatisha. Umri nao huchangia, kwa kuwa sauti nyembamba kabisa huanza kutupotea mapema. Anayedai kwamba anasikia kila kilichoondolewa kwenye faili lililobanwa vizuri, na afanye kwanza jaribio hilo.

Ninachokataa ni kulichukua jaribio la faili lililobanwa vizuri, mara moja, kutoka kwenye rekodi asilia, na kulifanya kisingizio cha kila uchafu unaotufikia masikioni. Karlheinz Brandenburg na wenzake wa taasisi ya Fraunhofer, Ujerumani, walijenga MP3 juu ya tabia ya sikio: sauti kubwa huifunika ndogo iliyo jirani nayo, kwa hiyo hiyo ndogo inaweza kuachwa. Brandenburg mwenyewe aliirekebisha kazi yake kwa kusikiliza tena na tena sauti ya mwimbaji Suzanne Vega akiimba bila ala, kwa sababu kasoro zilikuwa zikisikika. Na zipo sauti zinazoisumbua MP3 hadi leo, hasa zile zinazozuka ghafla kutoka katika ukimya. MP3 huikata sauti katika vipande vya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 1,152, yaani takriban milisekunde 26 kwa kila kipande, na makosa ya ubanaji husambaa ndani ya kipande kizima. Njuga inapogongwa katikati ya kipande, mchakacho wake hutangulia kusikika kabla ya pigo lenyewe, mahali ambapo hakuna sauti kubwa ya kuufunika. Programu ya kubana hujaribu kutumia vipande vifupi zaidi ili kuuzuia, lakini kwa kilobiti 128 au chini ya hapo mara nyingi huzidiwa. Ndiyo maana wapimaji wa teknolojia hii wamezoea kutumia rekodi za kastaneti, vibao vidogo vya kugonganisha mkononi. Sisi hatuna haja ya kuziazima: tuna rika, tuna kanuni, na kila kidole kinachodonoa uzi wa kanuni ni jaribio tosha.

Sasa fikirieni safari ya wimbo mmoja wa zamani. Kanda inageuzwa MP3 ya kilobiti 128, inapandishwa YouTube na kubanwa upya, mtu anaishusha na kuigeuza MP3 tena, inaingizwa kwenye memori kadi, inachezwa kwa spika ya Bluetooth ambayo nayo huibana njiani. Kila hatua hubana makosa ya hatua iliyotangulia kana kwamba ni muziki. Hapo hahitajiki fundi wa masikio, kwani hata bibi aliyekaa barazani atakwambia kwamba wimbo umeharibika.

Kwa hiyo nawasihi wenye kanda za vikundi vya Unguja, Mombasa, Lamu na Tanga, na redio zinazozihifadhi, wazigeuze kuwa faili za WAV, zisizobanwa, au za FLAC, ambayo hupunguza ukubwa wa faili hadi karibu nusu bila kupoteza hata sampuli moja. MP3 ya kugawia watu itengenezwe kutoka hapo, nayo ni sawa kabisa kwa simu na kwa gari. Kanda ya sumaku huchakaa, na ikishatupwa huku kilichobaki ni MP3 ya kilobiti 128, hakuna programu itakayoweza kuzirudisha njuga zile kama zilivyopigwa.