Maprofesa tunao, tunachokosa ni fundi wa maabara

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya sisi tuliosoma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine pale Morogoro, haipiti wiki mtu hajaandika kwamba wazungu wametuacha kwenye kilimo sababu wao wana wataalamu na sisi tuna watu wa kukariri. Mimi nipo Wageningen hapa Uholanzi miaka sasa, masters nimesomea hukuhuku nikapata kazi kwenye mambo ya mbegu za mboga, na kwa kweli hilo neno linanikera kila nikiliona.

Nianze na udongo maana ndo kitu nilichokipenda chuoni. Morogoro mkifika somo la udongo mnapewa jembe na sururu, mnachimba shimo mpaka usawa wa kifua, jua la Morogoro mnalijua, halafu profesa mzima na shati lake la kupiga pasi anashuka shimoni na kisu, anakwangua ukuta, anadondoshea maji kidogo, anaufinya udongo kati ya gumba na kidole cha shahada, utepe ukikatika mapema anakwambia mchanga umezidi hapa, ukirefuka anasema huu mfinyanzi, mvua ikizidi mahindi yako yatasimama kwenye maji yaishe njano. Mashine hajagusa hata moja. Huku Wageningen kuna makumbusho ya udongo ya ISRIC, kituo cha taarifa za udongo wa dunia, wamesimamisha ukutani vipande virefu vya udongo vilivyokatwa nchi kibao duniani, za Afrika zimo, pazuri mno, ila siku tuliyopelekwa wenzangu walikuwa wanasoma vibao, mimi nilikuwa naangalia rangi na matabaka tu na nyingi nikapatia. Hiyo sikufundishwa Ulaya.

Na hao wanaoitwa wa kukariri ndo waliotoa maharage ya SUA 90 mwaka 1990, wakaja na aina nyingine ya maharage, Rojo, baadaye, ndo waliokuwepo mbuzi wa maziwa wa Norway walipopelekwa Mgeta, milimani huko Morogoro, watu wa kule mlimani wakaanza kunywa na kuuza maziwa ya mbuzi. Panya buku wa APOPO, shirika linalofunza panya kunusa mabomu, wanafunzwa palepale chuoni na mnawajua wote, mmoja wao Magawa alienda Kambodia kunusa mabomu ya ardhini akapewa nishani ya dhahabu Uingereza 2020. Panya wa Morogoro huyo bana!

Sasa tofauti iko wapi. Mimi naiona kwa mtu ambaye siku ya mahafali hata hatajwi, yule fundi wa maabara, teknishiani. Huku nilikuta mzee mmoja hana PhD, ana mashine yake ya kupima madini kwenye majani, kaishika tangu anaota ndevu, ana daftari la kila kitu kilichowahi kuharibika na dawa yake, profesa akitaka kuitumia anaomba nafasi kama mimi na wewe. Kuna siku alirudisha sampuli za profesa, kasema hazijakauka sawasawa karudie, na profesa akarudia bila neno! Nilicheka moyoni. Mafundi wa namna hiyo wapo kila jengo, wengine kazi yao vitalu nyumba tu, kufungua madirisha na kuangalia maji ya miche, kwa hiyo mwalimu akiingia darasani anafundisha, akitoka anafikiri, basi.

Kwetu je? Chuo kimoja nilipojishikiza baada ya kumaliza digrii, sikitaji, kulikuwa na mashine ya hivohivo imefunikwa kitambaa. Ilikuja na mradi, mradi ukaisha, taa yake ikaungua, spea mpaka Ulaya, fundi aliyekuwa anaiweza akastaafu na nafasi yake haikujazwa, sampuli zikawa zinasafirishwa nje ya nchi na majibu mnayapata msimu ushapita. Mwalimu wa hapo naye ana darasa la mamia, anasahihisha na sapu, mitihani ya waliofeli, anasimamia vijana walio fildi, usiku anaandika andiko la kuomba hela kwa wafadhili, halafu mnamlinganisha na wa huku mnasema hana utaalamu. Jamani.

Na hela ya wafadhili nayo mmeona wenyewe, Januari 2025 Marekani walivyofunga bomba, miradi ya utafiti wa kilimo iliyotegemea USAID, shirika lao la misaada, ilisimama ghafla nchi nyingi, mbegu zikiwa shambani. Si kwamba huku ni peponi, serikali yao nayo imekata bajeti ya vyuo, Novemba 2024 walimu na wanafunzi walijaa The Hague kuandamana. Ila wakikata huku wanabishana na serikali yao wenyewe, barabarani, kwa mabango, sisi tunasubiri imeili kutoka Washington.

Wadogo zangu mnaonitumia meseji za skolashipu, kama ni PhD ulizieni ile ya sandwichi, unaanza Wageningen, utafiti unaufanyia nyumbani, unarudi kumalizia huku. Ukifika usijifungie maktaba, hizo pepa hata Morogoro utazipata mtandaoni, nenda kakae na wale mafundi, uliza taa ya mashine inabadilishwaje, inauzwa wapi na kwa bei gani, andika kwenye daftari. Na kwa wakubwa wenye bajeti, kabla ya kupokea mashine nyingine ya msaada na kupiga nayo picha, ajirini kwanza kijana wa diploma wa kukaa nayo.