Laini Yenye Kelele: Ubadilishe Ruta au Utengeneze Waya?

Simu ya mezani inakwaruza, intaneti inakatika mara saba kwa siku, na mvua ikinyesha hali inazidi kuwa mbaya. Ukiomba ushauri utapewa majibu mawili yanayopingana. Wa kwanza atakuambia ununue ruta nzuri, kwa sababu hiyo uliyopewa na mtoa huduma ni ya bei rahisi. Wa pili atasema usipoteze pesa, ruta haitibu waya, mwite fundi wa laini. Wote wawili huwa na mifano ya kweli, ndiyo maana ubishi huu hauishi. Kwa maoni yangu swali lenyewe linaulizwa kabla ya wakati wake. Laini hutoa namba zinazoonyesha tatizo liko upande gani, na ruta ya kwanza ya kuithamini ni ile inayokuonyesha namba hizo.

Nianze na wanaotetea ruta, maana hoja yao ina uzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Ishara inayotoka kituo cha simu hufika nyumbani ikiwa imechoka. Katika waya wa shaba wa milimita 0.5, makadirio ya kawaida ni kwamba hupotea karibu desibeli 13.8 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya ishara) kwa kila kilomita. Kwa hiyo data unayopakua inasikilizwa mahali ambapo ishara ni dhaifu kuliko pote, na anayesikiliza ni ruta yako. Ruta yenye sikio zuri inaweza kuokota kilichomshinda mwenzake kwenye waya uleule. Kwa data unayopakia mambo ni kinyume: anayesikiliza ni mtambo wa kituoni, na wewe huwezi kumnunulia sikio jipya. Hapo tayari umepata kipimo cha kwanza. Kama makosa mengi yako upande wa kupakia, matumaini ya kuponywa na ruta mpya ni madogo.

Halafu kuna suala la chipu. Majina yaliyo nje ya boksi ni mengi, lakini ndani kampuni zinazotengeneza chipu za DSL, yaani intaneti inayopita kwenye waya wa simu, zinahesabika kwa vidole: Broadcom, MediaTek, na ile familia iliyozaliwa Infineon, ikaitwa Lantiq mwaka 2009, ikanunuliwa na Intel mwaka 2015, kisha ikaingia mikononi mwa MaxLinear mwaka 2020. Ruta mbili zenye sura na bei tofauti zinaweza kuwa na moyo uleule, na anayehama kutoka moja kwenda nyingine hapati mabadiliko yoyote ya maana. Kinyume chake, kuhamia chipu ya familia nyingine, hasa inayofanana na ile ya mtambo wa kituoni, wakati mwingine hubadilisha laini iliyokuwa haitulii. Nasema wakati mwingine kwa makusudi, kwa kuwa hakuna kanuni ya uhakika hapa. Ndiyo sababu napendelea kuazima kabla ya kununua. Jirani au rafiki mwenye ruta ya familia nyingine ya chipu atakupa jibu bora ndani ya siku mbili kuliko sifa zote zilizochapishwa kwenye boksi.

Sasa tufike kwenye namba yenyewe. Laini ya ADSL2+, aina ya DSL iliyoboreshwa kutoka ADSL ya zamani, huyagawa masafa yake, hadi megahezi 2.2, katika vijia 512 vyenye upana wa kilohezi 4.3125 kila kimoja. Kijia kisafi kinaweza kubeba hadi biti 15, na kilichofunikwa na kelele hakibebi kitu. Namba inayoandikwa SNR kwenye ukurasa wa ruta, ile ya akiba, inaeleza ishara iko juu kiasi gani ya kiwango cha chini kinachohitajika ili kasi iliyokubaliwa idumu. Ifikirie kama ukingo wa mtumbwi ulioachwa juu ya maji. Ukipakia mzigo hadi ukingoni utabeba vingi, lakini wimbi dogo tu linaingia ndani. Mara nyingi laini hulenga akiba ya desibeli 6 inapounganika. Usiku akiba hushuka, kwa kuwa mawimbi ya kati ya redio, yanayopita katika masafa hayohayo, husafiri mbali zaidi jua likishatua. Laini iliyounganika saa nane mchana ikiwa na desibeli 6 inaweza kubaki na 1 saa tatu usiku, na hapo mlio wowote wa umeme unatosha kuikata.

Dawa inayojulikana ni kuongeza akiba: kuilazimisha laini ilenge desibeli 9 au 12. Gharama yake inaweza kukadiriwa. Kila desibeli 3 huondoa takriban biti 1 katika kila kijia kinachofanya kazi, na kila kijia hutuma alama 4,000, yaani mafungu ya biti, kwa sekunde. Laini yenye vijia hai 300 itapoteza karibu megabiti 1.2 kwa sekunde. Kama ilikuwa inakupa 8, utabaki na 6.8 isiyokatika. Mimi ningeilipa bei hiyo bila kusita. Simu ya video inayokatika katikati ya mazungumzo na daktari haisaidiwi kitu na megabiti moja ya ziada.

Lakini mtu aliye mwisho wa laini ndefu, mwenye vijia 150 na megabiti 2 tu, hesabu yake si hiyo. Kwake desibeli 3 ni megabiti 0.6, karibu theluthi ya kila alicho nacho. Wako wanaofanya kinyume, wakashusha akiba hadi 3 ili wapate kasi kidogo zaidi, wakakubali kukatika mara moja moja. Siwalaumu. Kwa laini kama hiyo kuna njia nyingine ambayo watu huisahau: kuilazimisha ruta itumie ADSL ya zamani, inayoishia megahezi 1.1. Kwenye umbali mkubwa vijia vya juu vimeshakufa hata hivyo, kwa hiyo kasi inayopotea ni ndogo na utulivu unaweza kuongezeka.

Wanaotafuta ruta wasisahau pia mbinu za kusahihisha makosa. Ile ya zamani hutawanya data kabla ya kuituma, ili mpasuko mmoja wa kelele usiharibu kipande kizima, kisha hukijenga upya upande wa pili. Inafanya kazi, ila huongeza ucheleweshaji wa milisekunde kadhaa au zaidi, na mcheza michezo ya mtandaoni atauona. Ile mpya, kiwango cha kiufundi kiitwacho G.998.4 kilichoidhinishwa mwaka 2010, hutuma upya kipande kilichoharibika tu. Kwa kelele za kupasuka na kupotea naiona bora kwa mbali, lakini inahitaji ruta na mtambo wa kituoni vyote viwe nayo. Kuinunulia ruta sifa hiyo wakati mtoa huduma hajaiwasha ni kulipia kitu kitakacholala.

Hadi hapa mtu anaweza kuona nimeegemea upande wa ruta. Tuwasikilize sasa wanaosema waya kwanza. Kiungo cha waya kilichoota kutu hakina rafiki. Dalili zake huonekana wazi ukizijua: intaneti inakatika simu inapoita, au, cha ajabu, inatulia ukiwa unaongea, kwa sababu mkondo wa umeme wa mazungumzo hupita kwenye kutu na kuifanya ipitishe vizuri kwa muda. Ukisikia hivyo, weka pesa mfukoni. Hakuna chipu itakayoshikilia kiungo kinachobadilika kila upepo unapotikisa nguzo.

Na kelele haitoki kwenye waya peke yake. Mwaka 2020 ilitangazwa habari ya Aberhosan, kijiji cha Wales ambako kwa miezi 18 intaneti ilikuwa ikizimika kila asubuhi saa moja. Nyaya zilibadilishwa, tatizo likabaki. Mwishowe mafundi walizunguka na kifaa cha kupima masafa wakagundua televisheni moja kuukuu, ambayo mwenyewe alikuwa akiiwasha saa hiyohiyo kila siku, ilikuwa ikimwaga kelele za umeme kwenye laini za majirani. Ruta ngapi zingenunuliwa katika miezi hiyo bila kugusa chanzo? Nyumbani mwako chanzo kinaweza kuwa kidogo zaidi: adapta ya umeme ya ruta yenyewe iliyochakaa, taa, chaja ya bei ya chini, kichujio cha simu kilichokufa, au waya wa ndani wa kupeleka simu chumba cha pili unaofanya kazi kama antena.

Hoja yao nzito kuliko zote, na ndiyo iliyonibadilisha mimi, ni kwamba ruta nzuri inaweza kuficha ugonjwa. Laini ikishashikiliwa, mteja haripoti tena, kutu inaendelea kula, na baada ya miezi anarudi palepale akiwa na laini mbovu zaidi. Akiripoti, anaambiwa vipimo viko sawa kwa sababu kwa sasa laini inaunganika. Kwa hiyo ukinunua ruta, usiache kuripoti kelele unayoisikia masikioni.

Nikiambiwa nichague, kwanza nitatazama kama ruta inaonyesha akiba, upotevu wa ishara na makosa ya CRC (hesabu ya vipande vya data vilivyofika vimeharibika) kwa kila upande, na kama inaniruhusu kubadilisha lengo la akiba na aina ya ADSL. Ruta nyingi za watoa huduma huficha vyote hivyo, na hilo kwangu ni sababu halali zaidi ya kuziacha kuliko kasi ya Wi-Fi yao. Antena nne na maandishi ya gigabiti hazihusiki kabisa na laini yenye kelele. Hata VDSL2, aina ya DSL yenye masafa mapana zaidi, faida yake hupungua haraka waya ukizidi kilomita moja hivi.

Kabla ya hapo, chomeka ruta kwenye soketi ya kwanza ambako laini inaingia nyumbani, ukiwa umechomoa kila kitu kingine. Chukua simu ya waya, bonyeza namba moja ili mlio ukome, usikilize. Ukisikia mkwaruzo, hiyo ni kazi ya fundi wa laini, na mkwaruzo wa kusikika kwa sikio ndio ushahidi ambao mtoa huduma hupata tabu kuukataa. Ukisikia kimya, andika akiba na makosa asubuhi, mchana na saa tatu usiku kwa wiki nzima, na siku ya mvua iandike peke yake. Katika wiki hiyo usizime na kuwasha ruta ovyo: watoa huduma wengi wana mifumo inayohesabu kukatika, nayo haiwezi kutofautisha kidole chako na laini mbovu, hivyo itakushushia kasi bure. Akiba ikishuka usiku tu na upande wa kupakua peke yake, hapo ndipo ningeenda kuazima ile ruta ya jirani.