Toni ya Gitaa la Stili: Mkono, Vifaa au Sikio?

Muulize mpigaji wa gitaa la stili la pedali kama ameridhika na toni yake, yaani rangi ya sauti yake. Wengi watajibu ndiyo, halafu kabla hujaondoka wataongeza "isipokuwa": isipokuwa nyuzi nyembamba zinachoma masikio kidogo, isipokuwa ukumbini sauti inageuka, isipokuwa hii pikapu, kile kifaa chenye koili kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme, nafikiria kuibadilisha. Wachache hujibu kwa mkato kwamba toni iko mkononi, na kwamba habari za vifaa ni za watu wasiopenda mazoezi. Ubishi huu hauishi, na kila upande una hoja za kweli. Msimamo wangu niutangulize: wanaolalamika wana haki ya kulalamika, ila lawama hutupiwa kifaa kabla mkono na sikio havijahojiwa.

Kwa asiyelifahamu, gitaa hili halipakatwi. Linasimama kwa miguu yake, nyuzi zikitazama juu, na mpigaji anaketi nyuma yake. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande kizito cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole. Mkono wa kulia unazidonoa kwa kucha za chuma zilizovikwa vidoleni, dole gumba likivaa ya plastiki. Mguu wa kushoto unakanyaga pedali zinazobadilisha noti, magoti yanasukuma nyenzo zinazofanya kazi hiyohiyo, na mguu wa kulia hautoki kwenye pedali ya sauti. Mikono na miguu yote iko kazini kwa wakati mmoja, na kila kiungo kinaacha alama yake kwenye toni. Malalamiko yakose kwa nini?

Tuanze na watetezi wa mkono. Mchagua jembe si mkulima, ndivyo wanavyotuambia, na kwa chombo hiki methali hiyo ina uzito. Donoa uzi karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia upande wa mkono wa kulia, sauti inatoka nyembamba na kali. Sogeza mkono sentimita chache kuelekea kwenye shingo, inanenepa. Hapo hujagusa kitufe hata kimoja cha amplifaya. Mkono wa kushoto nao: chuma kikikandamizwa kidogo mno nyuzi zinalia kwa mtetemo wa ovyo, kikikandamizwa mno noti inapanda na mkono unakakamaa. Kisha kuna kazi ya kuzima nyuzi, ambayo msikilizaji haioni kabisa. Kabla ya noti inayofuata, ukingo wa kiganja au kidole chenyewe hurudi kuuzima uzi uliotangulia. Anayezima vibaya anasikia mchanganyiko wa mabaki ya noti na mikwaruzo ya kucha, naye anaamini kwamba anachosikia ni pikapu mbovu. Nimewasikia watu wakiishutumu spika kwa kosa la kiganja.

Lakini hoja nzito zaidi ya upande huu, kwa maoni yangu, ni ile isiyotajwa sana: kutuni. Stili haina vyuma vya kugawa noti, ina mistari ya kuongoza jicho tu, na noti iko pale chuma kinapotua. Katika mpangilio wa kutuni uitwao E9, ambao ndio wa kawaida wa muziki wa country, uzi wa tatu na wa sita ni G kali, yaani noti ya tatu ya skeli ya E meja. Ukizituni nyuzi hizo kwa mashine kwenye alama ya katikati, zinakuwa juu kwa karibu senti 14 kuliko noti ya tatu iliyo safi kwa asili, na semitoni moja, yaani hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za kinanda, ina senti 100. Tofauti hiyo inasikika kama mawimbi madogo yanayogongana ndani ya noti mbili zinazopigwa pamoja. Zishushe nyuzi hizo mpaka mawimbi yatulie, na ghafla gitaa lilelile, kwenye amplifaya ileile, linasikika pana na lenye utulivu. Wapo walionunua pikapu mpya kutafuta utulivu huo. Tatizo ni kwamba kinanda cha bendi kimetuniwa kwa mgawanyo sawa, yaani hatua zote kati ya noti zina ukubwa mmoja, na besi nayo ina msimamo wake, kwa hiyo kila mpigaji anafanya suluhu yake. Juu ya hayo, ukikanyaga pedali mwili wa gitaa unajikunja kidogo mno, na nyuzi ambazo hazikuguswa zinashuka kwa senti chache. Ukichukua noti ambayo haijatulia ukaiongezea mwangwi, utapata kitu kinachoitwa "toni mbaya" ingawa toni haina hatia.

Watetezi wa vifaa wakisikia haya huguna, nao wana sababu. Kuna mambo ambayo mkono hauwezi kuyatibu. Pikapu nyingi za stili zenye koili moja zimezungushiwa waya mwembamba mwingi kiasi kwamba ukipima upinzani wake utapata karibu omu 17,000 au 18,000, wakati ile ya gitaa la kawaida la aina ya Stratocaster huwa karibu omu 6,000. Koili kubwa namna hiyo inatoa mawimbi yenye nguvu, lakini ni dhaifu mbele ya chochote kinachofuata. Kebo ndefu inazimeza sauti za juu. Pedali ya sauti ya kizamani, yenye kirekebishi cha upinzani ndani yake, inazimeza nazo, tena kwa kiwango kinachobadilika kadiri mguu unavyopanda na kushuka. Na mguu wa mpigaji wa stili haukai. Anadonoa uzi huku pedali ikiwa imeachiwa nusu, kisha anakanyaga polepole uzi unapofifia ili noti idumu. Maana yake, wakati noti inadumu, rangi yake nayo inahama, na wala mpigaji hakukusudia.

Tiba iko. Unaweza kuweka kifaa kidogo cha umeme kati ya gitaa na pedali, kinachoilinda pikapu isione mzigo wa mbele, au ukanunua pedali inayotumia mwanga badala ya kirekebishi kinachochakaa. Sauti za juu zinarudi palepale. Hapa ndipo jambo linapopendeza, kwa sababu baadhi ya waliotibiwa hawakupona. Walipata uwazi wakapoteza joto, wakarudi kwenye pedali ya zamani. Ukifikiri unawaelewa: rekodi walizozipenda tangu ujana zilipigwa kwa pedali hizohizo zinazokula sauti za juu. Upungufu ule ulikuwa sehemu ya toni. Kwa hiyo fizikia inaweza kukwambia nini kimepotea, lakini haiwezi kukwambia kama ulikuwa unakihitaji.

Historia nayo inawaumbua wanaodharau vifaa. Mwaka 1954 wimbo wa mwimbaji wa country Webb Pierce uitwao "Slowly" ulitoka, Bud Isaacs akiwa kwenye stili, na watu wakasikia noti zikipinda huku nyingine zimesimama, jambo ambalo chuma peke yake hakiliwezi kwa namna ile. Wapigaji wengine hawakuambiana kwamba toni iko mkononi. Walikimbilia kufunga pedali. Halafu mtazame Buddy Emmons, aliyeishi kati ya 1937 na 2015, ambaye wengi wanamweka juu ya wote kwa ufundi wa mikono. Mtu huyu alishirikiana na Shot Jackson kuanzisha kampuni ya Sho-Bud mwaka 1957, akaiacha, na mwaka 1963 akaanzisha kampuni nyingine ya kutengeneza magitaa kwa jina lake mwenyewe. Nyuzi mbili za ziada zilizoingia kwenye mpangilio wa E9 ni wazo lake. Kama toni ingekuwa mkononi tu, mkono wake usingehitaji viwanda viwili. Mkulima huyu alichagua jembe, hakulipata, akalifua.

Ila tusiumalize mfano huo kwa haraka. Emmons alijua kwa usahihi kitu alichokikosa, noti gani haifikiki na mtambo gani unachelewa. Kutoridhika kwake kulikuwa na anwani. Mpigaji anayesema tu "nataka toni nene zaidi" akanunua spika ya inchi 15, mwezi ujao akaiuza, yuko kwenye safari nyingine kabisa. Mfano wa upande wa pili ni mpigaji wa stili Lloyd Green, ambaye katika miaka ya 1970 alikuwa na gitaa la Sho-Bud lililotengenezwa kwa matakwa yake: la shingo moja ya E9, na pale ambapo kwa kawaida hukaa shingo ya pili pamewekwa pedi ya kuegemeza mikono. Nusu ya chombo kimeondolewa. Kuna kuridhika kunakotokana na kupunguza, na sijui kwa nini wauza vifaa hawakupendi. (Najua.)

Swali ambalo pande zote mbili hulikwepa ni hili: umeridhika ukilinganisha na nini? Wengi wana kipimo kimoja vichwani mwao, stili ya studio za Nashville, mji wa muziki wa country Marekani, za miaka ya 1960 na 1970, safi, yenye mwangwi, isiyo na mkwaruzo. Kipimo kizuri, lakini ni kimoja. Sneaky Pete Kleinow, akiwa na bendi ya Flying Burrito Brothers mwaka 1969, aliipitisha stili kwenye vifaa vya kuichafua sauti mpaka ikafanana na gitaa la roki. Robert Randolph alikulia kwenye makanisa ya Marekani ambako stili ndiyo inayoongoza ibada, na inapopamba moto hulia kwa mkwaruzo kama mtu anayepaza sauti. Demola Adepoju wa Nigeria aliipiga katika muziki wa juju wa King Sunny Adé, ikielea juu ya ngoma na magitaa mengi, mahali ambapo toni nene ya Nashville ingezama. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye angefaulu mtihani wa wenye kipimo kimoja. Na hata rekodi za Nashville zenyewe, kinachosikika humo ni gitaa, amplifaya, maikrofoni, chumba, mashine ya mwangwi na mkono wa fundi wa studio. Anayejaribu kuipata sauti hiyo yote kutoka kwenye amplifaya moja iliyo nyuma ya kiti chake anadai kitu ambacho amplifaya haikuwahi kukitoa hata siku ile ya kurekodi.

Nimetaja nyuma ya kiti, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapoona kosa linalojirudia zaidi. Amplifaya iko sakafuni, spika imeelekea kwenye kiti na miguu ya mpigaji. Spika ya inchi 15 ina upana wa sentimita 38 hivi, na kuanzia karibu hezi 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde) kwenda juu inaanza kuzirusha sauti kwa mstari mwembamba mbele yake. Besi zinasambaa kila upande, sauti kali zinakwenda moja kwa moja. Mpigaji, ambaye masikio yake yako juu ya mstari huo, anasikia ukungu. Anaongeza sauti za juu. Bado ukungu. Anaongeza tena. Wakati huo watu waliosimama mbele, kwenye mstari wa spika, wanapokea noti kama sindano, na akishuka jukwaani rafiki anamwambia kwa upole kwamba gitaa lilikuwa kali. Anakwenda kubadilisha pikapu.

Kuna mtego mwingine wa sikio. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, masikio yetu yanazisikia besi na sauti za juu kabisa kwa udhaifu kuliko zile za kati. Toni uliyoitengeneza chumbani kwa sauti ya chini, ukizidisha besi na sauti za juu ili ijae, ukiipeleka jukwaani kwa sauti kubwa inavimba chini na kuchoma juu. Hujaharibu kitu, sikio limebadilisha hesabu. Na umri nao haukopeshi: uwezo wa kusikia sauti za juu hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na mpigaji mkongwe anayelalamika kwamba amplifaya za siku hizi hazina uangavu huenda anaeleza habari za masikio yake. Si jambo la kumwambia mtu mbele ya bendi.

Kwa hiyo kabla ya kuuza chochote, napendekeza kipimo kimoja. Mpe mpigaji mwingine, unayemheshimu, akalie kiti chako bila kugusa kitufe, nawe nenda ukasimame pale wasikilizaji wanaposimama. Toni ikikupendeza, gitaa lako halina kesi. Ikikuudhi vilevile, angalia spika, pedali na kebo, kwa mpangilio wowote unaotaka.

Kipimo hiki kina dosari yake. Mpigaji mzuri hurekebisha bila kujua: akisikia ukali anahamisha mkono mbali na daraja, akisikia noti inakufa mapema mguu wake wa kulia unawahi. Atakifichia siri kifaa kibovu. Kwa hiyo akimaliza usimuulize kama toni ni nzuri, kwa sababu atasema ni nzuri. Muulize ni wapi alilazimika kufanya kazi ya ziada. Akikwambia mguu ulichoka kuikimbiza noti, umepata sababu halali ya kutumia pesa, na unajua pia uzitumie wapi.