Kitufe cha OFF hakiokoi betri

Simama kwenye foleni ya Buzuruga, Mwanza, jioni, uwaangalie wenye Demio, Vitz na Passo za kuanzia 2011 hivi kuja juu. Gari likishawaka tu, hata mkanda hawajafunga, kidole kiko kwenye kitufe chenye herufi A iliyozungushiwa mshale, au i-stop kwa wenye Mazda. Wanaufungia ule mfumo unaozima injini gari likisimama. Ukiuliza sababu utajibiwa kwamba unaua betri na starta.

Kwenye starta wanaionea. Gari lililotoka kiwandani na mfumo huu limefungwa starta ya kazi hiyo, na beringi za injini zake zimetengenezwa zikijua zitaamshwa mara nyingi kwa siku. Mazda waliotoa i-stop mwaka 2009 walikwenda mbali zaidi: injini inasimamishwa pistoni zikiwa mahali panapofaa, mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda na kulipuliwa, starta inasaidia tu. Inaamka kwa sekunde 0.35. Bodaboda wa nyuma yako hajamaliza kupiga honi.

Betri ndiyo yenye kesi, ila mshitakiwa siye. Magari haya yakitoka Japani yanakuja na betri zenye herufi moja mbele: M-42, N-55, Q-85, S-95. Herufi ni ukubwa wa boksi, namba ni nguvu. Ukilinganisha na maboksi ya betri za kawaida, M inakaa palipo na B20, N ni B24, Q ni D23, S ni D26. Ikifuatiwa na R, maana yake nguzo za chanya na hasi zimegeuzwa, na ukikosea hapo waya hazifiki au zinafika kwa kulazimishwa. Ndani yake bamba zimeimarishwa ili zivumilie kutumika na kuchajiwa mara kwa mara bila kujaa. Ile ya kwanza ikifa, dukani unapewa 55D23 ya kawaida, inaingia kwenye boksi la Q-85 bila ubishi, gari linawaka, bei imepungua sana. Baada ya muda mfupi imechoka, na lawama zinaangukia kitufe.

Wengi wanadhani ukibonyeza OFF umemaliza. Hujamaliza. Katika magari haya alteneta, ile mashine inayochaji betri, nayo inaongozwa na kompyuta. Ukikanyaga mafuta inapunguza kuchaji ili injini isibebe mzigo. Ukiachia au ukifunga breki inapandisha. Betri haijazwi mpaka juu muda wote, inaishi katikati. Bamba za betri ya kawaida zikikaa hivyo zinaota sulfeti, ukoko unaoziba bamba, na kupoteza uwezo, kitufe kiwe ON au OFF. Kwa hiyo anayefunga betri ya kawaida halafu akategemea kitufe amejidanganya mara mbili.

Hapo hapo mafundi umeme wengine wanapiga mteja. Wanaweka mita gari likiwa linaunguruma, wanasoma volti 12.8, wanatangaza alteneta imekufa. Kabla hujatoa hela, washa taa kubwa. Kwa magari mengi ya Kijapani hilo linaiambia kompyuta iache kubana chaji, na mita ipande mpaka 14 na kitu. Ikipanda, alteneta yako nzima. Betri yenyewe ipime asubuhi kabla hujagusa kitu: 12.6 kwenda juu ni nzima, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na hiyo nusu ukiiona kila asubuhi anza kutafuta hela.

Faida ya wese je? Gari la kawaida la petroli likiunguruma bure linakunywa kama mililita 130 kwa dakika 10. Ukisimama jumla ya dakika 15 kwa siku, siku 26, ni lita 5 kwa mwezi. Bodaboda angekaribia Musoma nazo. Lakini hizo ni dakika ambazo injini imezima kweli, na Mwanza hazifiki huko kirahisi. Kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, saa saba mchana, AC ikiwa juu, injini itazima kidogo tu, joto likipanda ndani inajiwasha. Na foleni ya kusogea mita mbili mbili, zima-washa, zima-washa, inakera bila kuokoa kitu. Kwa hiyo hizo pesa za mafuta si sababu ya kununua gari lenye mfumo huu. Ukiwa nalo tayari, lihudumie linavyotaka.

Kero ya kusogea ina dawa bila kitufe. Kwenye magari mengi ya otomatiki, Mazda zikiwemo, injini inazima ukikandamiza breki kwa nguvu. Ukiigusa tu kiasi cha kulizuia gari, haizimi. Ukiona mbele wanasogea, gusa. Ukiona lori limekwama mbele yako, kandamiza. Siku mbili tatu mguu unazoea.

Siku mfumo utakapoacha kuzima injini, usishangilie. Mara nyingi kompyuta imeona betri haina nguvu ya kuamsha tena, ikaamua kuacha. Wengi wanasema "afadhali imekufa yenyewe", kisha asubuhi moja huko Nyegezi wanatafuta jirani wa kuwabusti, yaani kuwaazima umeme wa betri yake.

Na wakati wa kubusti, waya hasi usiubane kwenye nguzo ya betri ya gari lako. Pale mara nyingi pana kisensa kidogo kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ubane kwenye chuma cha injini au bodi. Vivyo hivyo treka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo) na redio: fundi akichomeka waya wao hasi juu ya nguzo, umeme unapita nje ya kisensa, hesabu ya kompyuta inapotea, na betri mpya ya Q-85 uliyoinunua kwa uchungu itachajiwa kwa namba za uongo. Mwambie ahamishie boliti ya bodi. Ni kazi ya spana namba 10 na dakika tano.